Msuli uliojaa glikojeni na kukosa nguvu: uchambuzi wa kisa cha McArdle cha mwaka 1951

Mwaka 1951, Brian McArdle, daktari wa Guy's Hospital jijini London, alichapisha maelezo ya mgonjwa wa kiume mwenye umri wa miaka 30 ambaye tangu utotoni alikuwa akiumwa misuli kila alipojishughulisha, hata kwa kazi nyepesi. Msuli uliotumika ulianza kuuma, ukaishiwa nguvu, kisha ukakakamaa. Hapakuwa na msuli uliosalimika: hata misuli ya taya ilimsumbua alipokuwa akitafuna. Akipumzika, maumivu yalitoweka upesi, na yeyote ambaye angemkuta ameketi asingeona kasoro yoyote.

Mtu wa namna hii ni rahisi kudhaniwa kuwa ni mvivu, au kwamba tatizo lake liko akilini. McArdle hakuchukua njia hiyo, na kwa sababu hiyo aliiachia biolojia mojawapo ya visa vinavyofundisha zaidi kuhusu kabohaidreti. Mara nyingi tunafundishwa kwamba kabohaidreti ni chanzo cha nishati, na somo linaishia hapo. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haiwezi kueleza yaliyompata mgonjwa huyu. Ilikuja kubainika baadaye kwamba misuli ya watu wenye ugonjwa wake ina akiba kubwa ya glikojeni, yaani kabohaidreti ambayo wanyama huweka kama akiba ya glukosi, kuliko misuli ya mtu mwenye afya, na bado inakosa nguvu ya kufanya kazi ya dakika chache. Maelezo yake yamo katika umbo la molekuli yenyewe: namna chembe za glukosi zilivyoungwa, na kimeng'enya gani, yaani protini ya kuharakisha mabadiliko ya kikemia, kinaweza kuuvunja muungano huo.

Vipimo vya McArdle

Kipimo kilichofungua njia kilikuwa rahisi. Mkono wa mgonjwa ulifungwa ili damu isipite, kisha akaambiwa aufanyishe mazoezi. Msuli usiopata damu haupati oksijeni, kwa hiyo hulazimika kutegemea njia ya haraka ya kuvunja glukosi isiyohitaji oksijeni, na zao la mwisho la njia hiyo ni asidi ya laktiki. Kwa mtu mwenye afya, damu inayotoka kwenye mkono huo baada ya mazoezi huonyesha ongezeko kubwa la laktiki na la piruvati, zao linalotangulia laktiki katika njia hiyo. Kwa mgonjwa huyu, vyote viwili vilipungua badala ya kupanda.

Wakati huohuo misuli ya kigasha ilikakamaa kwa maumivu makali, na hapo McArdle aliona jambo jingine lenye uzito. Kipimo cha umeme wa misuli kilikuwa kimya. Msuli unapobana kwa namna ya kawaida, kama inavyowatokea watu wengi usiku au baada ya kazi ngumu, kubana huko huambatana na msukosuko wa umeme unaotoka kwenye neva. Hapa msuli ulikuwa umejikunja bila amri yoyote ya neva, na ulishindwa kulegea. Kulegea ni kazi inayogharimu nishati kama kujikunja kulivyo: ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, ndiyo inayoziwezesha nyuzi za miosini kuachia nyuzi za aktini, na ATP ndiyo inayoendesha pampu zinazorudisha kalsiamu ghalani mwake.

Dalili hizo zilifanana na jambo lililokwisha kuonekana maabarani. Mwaka 1930 mtafiti wa Denmark, Einar Lundsgaard, alionyesha kwamba misuli iliyotiwa sumu ya iodoasetati, ambayo huzuia uvunjaji wa glukosi, huweza kujikunja kwa muda bila kutoa asidi ya laktiki, kisha hukakamaa. McArdle aliuona ufanano huo na kuutaja. Mgonjwa wake hakuwa amekunywa sumu, bali msuli wake ulitenda kana kwamba umewekewa.

Ilibaki kujua tatizo liko wapi. Mgonjwa alipodungwa adrenalini, sukari katika damu yake ilipanda kama kawaida, maana yake ini lake liliweza kuvunja akiba yake na kuitoa. Damu yake iliyotolewa na kuachwa nje ya mwili iliendelea kutengeneza laktiki kama damu ya mtu mwingine yeyote, maana yake chembe zake za damu ziliweza kuvunja glukosi hadi mwisho wa njia. Ini lilikuwa salama na damu ilikuwa salama. McArdle akahitimisha kwamba kasoro iko hasa katika misuli ya mifupa, na kwamba ni kushindwa kwa msuli kuvunja glikojeni kuwa asidi ya laktiki. Alifikia hapo bila kupima kimeng'enya hata kimoja, na naamini kila mwanafunzi wa baiolojia na wa utabibu angenufaika kuifuata hoja yake hatua kwa hatua.

Jinsi glikojeni ilivyojengwa

Glukosi ina atomi 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Ndani ya maji, sehemu kubwa ya molekuli zake hujifunga kuwa duara la kaboni tano na oksijeni moja. Duara hilo linapofungika, kundi la oksijeni na hidrojeni lililo kwenye kaboni ya kwanza linaweza kuelekea upande mmoja au upande wa pili. Upande mmoja unaitwa alfa, wa pili unaitwa beta. Tofauti hiyo ni ya mwelekeo tu, kwani idadi ya atomi ni ileile na fomula ni ileile.

Lakini matokeo yake ni makubwa mno. Chembe za glukosi zikiungwa kwa vifungo vya beta, kutoka kaboni ya kwanza ya moja hadi kaboni ya nne ya inayofuata, kila chembe hugeuzwa kwa kulinganisha na jirani yake, na mnyororo unanyooka. Minyororo iliyonyooka hulaliana na kushikana kwa vifungo vya hidrojeni, na kinachopatikana ni selulosi, nyuzi ngumu zisizoyeyuka ambazo hushikilia kuta za seli za mimea. Zikiungwa kwa vifungo vya alfa kati ya kaboni zilezile, mnyororo unapinda na kujizungusha, na unabaki wazi kwa maji na kwa vimeng'enya. Huo ndio wanga wa mimea, na huo ndio msingi wa glikojeni ya wanyama. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvunja vifungo vya beta vya selulosi. Kwa hiyo, tangu mwanzo, swali la iwapo kabohaidreti fulani ni chakula au si chakula hujibiwa na kifungo pamoja na kimeng'enya. Kiasi cha glukosi kilichomo hakitoshi kulijibu.

Glikojeni ina sifa moja zaidi, nayo ni matawi. Baada ya kila chembe 8 hadi 12 hivi, mnyororo hutoa tawi kwa kifungo cha alfa kinachoanzia kaboni ya sita. Wanga wa mimea wenye matawi hutoa tawi baada ya chembe 24 hadi 30 hivi, kwa hiyo glikojeni imesongamana zaidi. Katikati ya kila punje kuna protini iitwayo glikojenini, ambayo ndiyo huanzisha ujenzi kwa kujibandika chembe za kwanza yenyewe. Kutoka hapo matawi hutawanyika pande zote, tabaka juu ya tabaka, na punje iliyokamilika yenye matabaka 12 huwa na chembe za glukosi zipatazo 55,000 pamoja na ncha za nje zipatazo 2,000.

Ncha hizo ndizo zinazoeleza sababu ya umbo lote. Vimeng'enya vinavyovunja glikojeni huanzia kwenye ncha tu, haviwezi kuingia katikati ya mnyororo. Mnyororo mmoja mrefu wa chembe 55,000 ungekuwa na ncha moja ya kufanyia kazi, na msuli unaokimbia usingeweza kuisubiri. Punje yenye matawi inatoa glukosi kutoka maelfu ya sehemu kwa wakati mmoja. Umbo hilohilo linatatua tatizo jingine. Glukosi iliyo huru huvuta maji kwa osmosisi, na nguvu ya mvuto huo hutegemea idadi ya molekuli. Akiba ya glikojeni iliyo katika seli ya ini, kama ingewekwa kama glukosi huru, ingefikia mkolezo wa moli 0.4 kwa lita, na seli ingevimba na kupasuka. Ikiwa imefungwa kuwa glikojeni, mkolezo wake ni mikromoli 0.01 tu kwa lita. Sioni mahali pengine katika baiolojia ya seli ambapo umbo na kazi vinalingana kwa uwazi kama hapa.

Kimeng'enya kilichokosekana

Kimeng'enya kinachoanza kazi ya kuvunja glikojeni huitwa fosforilasi. Hakitumii maji kukata kifungo, kama vinavyofanya vimeng'enya vya mate na vya utumbo, kinatumia fosfati. Kila chembe inayotolewa kwenye ncha hutoka ikiwa tayari imebeba fosfati kwenye kaboni yake ya kwanza. Hili lina faida mbili. Molekuli yenye fosfati ina chaji na haiwezi kupenya utando wa seli, kwa hiyo msuli haupotezi glukosi yake. Pili, glukosi inayoingia kutoka kwenye damu hulipiwa ATP moja ili ipewe fosfati, ilhali inayotoka kwenye glikojeni imeipata bila malipo hayo. Njia isiyo na oksijeni inaupa msuli faida ya ATP mbili kwa kila glukosi ya damu, na ATP tatu kwa kila chembe iliyotolewa na fosforilasi. Msuli ulioanza kazi ghafla unaihitaji hiyo moja ya ziada.

Fosforilasi inavunja vifungo vya mnyororo tu, si vya matawi, na husimama ikibakiza chembe nne kabla ya tawi. Kimeng'enya cha kuondoa matawi huja, huhamisha tatu, na kukata ya mwisho iliyobaki kwenye kifungo cha kaboni ya sita. Ndipo fosforilasi inaendelea.

Mwaka 1959 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja la Wilfried Mommaerts na wenzake, jingine la Rudi Schmid na Robert Mahler, yalichunguza vipande vya misuli vya wagonjwa wenye dalili kama za yule wa London. Yalikuta glikojeni nyingi kuliko kawaida, na fosforilasi ya misuli haikuwapo. Vimeng'enya vilivyofuata katika njia vilikuwa vizima: msuli uliosagwa haukuweza kutengeneza laktiki kutoka kwenye glikojeni, lakini uliweza kuitengeneza kutoka kwenye glukosi iliyokwisha kupewa fosfati. Kasoro ilikuwa moja, mahali pamoja, kwenye hatua ya kwanza kabisa. Hitimisho la McArdle la miaka minane kabla lilithibitishwa.

Mwili una aina tatu za fosforilasi, na kila aina ina jeni yake: ya ini, ya ubongo na ya misuli. Wagonjwa hawa hukosa ile ya misuli peke yake, inayoandikwa na jeni ya PYGM katika kromosomu ya 11, na mtu huugua pale tu anaporithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama. Mabadiliko ya kwanza ya jeni hiyo yalielezwa mwaka 1993. Aina ya ini ikiwa nzima, adrenalini inaendelea kupandisha sukari ya damu, na ndivyo McArdle alivyoona. Moyo nao una aina ya ubongo pamoja na ile ya misuli, kwa hiyo hauathiriki kama misuli ya mikono na miguu.

Swali ambalo wagonjwa walilijibu

Kuna upande wa kisa hiki ambao hutajwa kwa haraka, nami naona ndio mzito kuliko yote. Carl na Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kazi yao juu ya glikojeni, walikuwa wameonyesha kwamba fosforilasi ikiwa ndani ya bomba la majaribio inaweza kufanya kazi pande zote mbili: kuvunja glikojeni, na pia kuijenga kutoka kwenye glukosi yenye fosfati kwenye kaboni ya kwanza. Lilikuwa jambo la kawaida basi kuamini kwamba seli hai hutumia kimeng'enya hichohicho kujenga na kubomoa.

Mwaka 1957 Luis Leloir na Carlos Cardini, nchini Argentina, walieleza njia tofauti ya ujenzi, inayotumia glukosi iliyofungwa kwa nyukleotidi, yaani UDP-glukosi. Lakini kuwapo kwa njia ya pili hakukuthibitisha kwamba ya kwanza haitumiki. Wagonjwa wa McArdle walilimaliza suala hilo. Ikiwa fosforilasi ndiyo inayojenga glikojeni ya msuli, basi msuli usio na fosforilasi haupaswi kuwa na glikojeni. Msuli wao ulikuwa umejaa glikojeni. Mwaka huohuo wa 1959, Schmid na wenzake walionyesha kwamba misuli hiyo ina kimeng'enya cha njia ya Leloir. Ndani ya seli hai, fosfati ni nyingi kupita kiasi ikilinganishwa na glukosi yenye fosfati kwenye kaboni ya kwanza, na wingi huo huilazimisha fosforilasi kufanya kazi upande mmoja, wa kuvunja. Bomba la majaribio lilikuwa limesema kweli kuhusu kemia, lakini halikusema kweli kuhusu maisha ya seli. Leloir alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Kwa mgonjwa, maana ya ugunduzi huu ni nzito. Kila baada ya mlo, msuli wake hupokea glukosi kutoka kwenye damu na kuijengea matawi mapya kwa njia iliyo nzima kabisa. Njia ya kuitoa imefungwa. Ujenzi haupiti mpaka kwa sababu glikojeni inapozidi huudhoofisha ujenzi wenyewe, lakini kilichokwisha kuwekwa hakimsaidii anapopanda ngazi.

Dakika za kwanza, na zinazofuata

Madhara hayaishii kwenye njia isiyo na oksijeni. Mitokondria za mgonjwa, sehemu za seli zinazotumia oksijeni kutengeneza ATP, ni nzima, lakini piruvati inayotoka kwenye glikojeni ni sehemu kubwa ya kinachozilisha mwanzoni mwa kazi. Piruvati ikipungua, hata oksijeni iliyopo haina cha kuunguza cha kutosha. McArdle alikwisha kuona kwamba mgonjwa wake akiwa amepumzika anapumua kama kawaida, na akianza mazoezi anapumua kupita kiasi. Moyo nao hupiga kwa kasi isiyolingana na kazi inayofanywa. Mgonjwa akilazimisha kuendelea na kazi nzito wakati huo, nyuzi za msuli huharibika na kumwaga mayoglobini, protini ya msuli inayoshika oksijeni, kwenye damu. Mkojo huwa wa rangi nyeusi, na figo zinaweza kushindwa kufanya kazi. Hiyo ni dharura ya hospitali.

Akipunguza kasi badala ya kulazimisha, hutokea jambo lililoelezwa na Carl Pearson na wenzake mwaka 1961. Baada ya takriban dakika 6 hadi 10 za mwendo wa taratibu, maumivu hupungua, mapigo ya moyo hushuka, na mgonjwa huweza kuendelea na mwendo uleule uliokuwa ukimshinda. Watafiti waliita hali hiyo pumzi ya pili. Mishipa ya damu ya msuli imetanuka, ini limeanza kumwaga glukosi, na mafuta ya mwilini yameanza kufika. Glukosi inayotoka kwenye ini ni molekuli ya aina ileile na iliyokwama msulini, lakini inaingia kwa mlango mwingine: hupewa fosfati kwenye kaboni ya sita na kujiunga na njia mbele ya hatua iliyoharibika.

Ini linaweza kufanya hivyo kwa sababu lina kimeng'enya cha kuondoa fosfati kabla ya kuiachia glukosi iende kwenye damu. Msuli hauna kimeng'enya hicho. Mtu mzima ana glikojeni ya takriban gramu 100 katika ini na gramu 400 hivi katika misuli, lakini zile 400 haziwezi kumwagwa moja kwa moja kwenye damu kama glukosi, na msuli mmoja hauwezi kuukopesha mwingine glukosi yake.

Mwaka 2003 John Vissing na Ronald Haller waliigeuza elimu hii kuwa msaada. Waliwapa wagonjwa 12 kinywaji chenye gramu 75 za sukari ya kawaida, yaani sukrosi, kabla ya mazoezi, na siku nyingine kinywaji kilichotiwa utamu usio wa sukari. Sukrosi ni glukosi moja iliyofungwa na fruktosi moja, na utumbo hukata kifungo hicho kwa urahisi. Siku ya sukari, mapigo ya moyo yalikuwa ya chini na mazoezi yalikuwa mepesi tangu dakika za mwanzo, kana kwamba pumzi ya pili imekuja kabla ya wakati wake.

Wakati wa kunywa ndio unaoamua faida. Sukari huamsha insulini, na insulini huzuia mafuta yasitoke kwenye akiba, jambo linalomnyima mgonjwa mafuta anayoyategemea katika mwendo mrefu. Na glukosi inayomfikia akiwa ameketi huungwa kwenye punje zilezile zisizofunguka. Ndiyo maana watafiti hao walikuja kujaribu kipimo kidogo zaidi, cha gramu 37, kinachonywewa dakika 5 tu kabla ya kuanza, ili glukosi ikute msuli ukiwa tayari kazini. Kinywaji hicho hakifai kutumiwa siku nzima, kwa kuwa uzito unaoongezeka ni mzigo kwa misuli ileile. Kimeng'enya chenyewe bado hakina dawa ya kukirudisha, na wagonjwa wengi huishi kwa kuanza kila kazi polepole, kusubiri dakika zile za kwanza zipite, na kufanya mazoezi mepesi ya mara kwa mara yanayoiwezesha mitokondria kutumia mafuta kwa ufanisi zaidi.